Ukifika Istanbul, Jifunze Kukataa

Wadogo zangu, naona siku hizi kila aliyepata pasipoti mpya anaota Uturuki. Kuna wanaokwenda kufunga mzigo wa nguo Laleli, kuna wanaokwenda fungate Antalya, kuna wanaokwenda kupunguzwa tumbo na kuongezwa pengine, na kuna wale ambao tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zimewaaminisha kwamba kila kijana wa Istanbul ana jumba linalotazama bahari na mama mkorofi. (Mama wakorofi wapo. Majumba ni ya wachache.) Nendeni, nchi ni nzuri na chakula chake kitamu. Ila kabla hujafunga begi, kaa hapa kidogo.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Dada, kule kuna usalama?" Anayeuliza hivyo kichwani ana picha ya kukabwa uchochoroni. Istanbul ni jiji la watu zaidi ya milioni 15, na saa nne za usiku utawakuta kina mama na watoto wao barabarani wanakula aiskrimu. Kukabwa kunatokea, kama kunavyotokea kila jiji, lakini si hapo wenzetu wanapoumia. Wanaumizwa na adabu. Sisi tumelelewa kwamba ukikaribishwa chai unakaa, mtu mzima akikusemesha unaitika, na kuuliza bei ukiwa umeshakaa mezani ni kujiaibisha. Matapeli wa mji ule wanaijua adabu hiyo na wanakula kwayo. Kwa hiyo mengi nitakayoyasema leo yanarudi hapohapo: uliza bei kwanza, haya baadaye.

Tuanze na makaratasi, maana huko ndiko wengine huingizwa mjini kabla hata hawajauona huo mji. Viza ya mtandaoni ya Uturuki inatolewa na serikali yao kwenye tovuti ya evisa.gov.tr. Ukiandika "Turkey visa" kwenye simu, utaletewa tovuti kibao zenye bendera nyekundu na nembo za kung'aa, zinazochukua fedha mara mbili au tatu ya ada halisi, nyingine zikitoweka nazo. Masharti hayafanani kwa kila pasipoti. Mwenye viza hai ya Schengen, Uingereza au Marekani mara nyingi ana njia nyepesi kuliko asiye nayo, na asiye nayo huenda akahitaji kupitia ubalozini. Usimsikilize shoga yako aliyekwenda mwaka juzi. Ingia mwenyewe, chagua nchi yako, usome. Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa tupu.

Hoteli ukate ukiwa bado nyumbani. Tangu 2017, kwa amri ya mahakama, Booking.com haiuzi vyumba vya Uturuki kwa mtu aliyeko ndani ya Uturuki. Watu hufika pale, wanataka kuongeza usiku mmoja, wanaona hoteli zimepotea kwenye simu, wanaanza kuhangaika na mabegi barabarani, na hapo ndipo "mwenyeji mwema" hutokea. Unapokata chumba, angalia pia ni upande gani wa mji. Istanbul iko mabara mawili na ina viwanja viwili vya ndege: uwanja mkubwa mpya uko Ulaya, Sabiha Gökçen uko Asia, na kati yao ni safari ndefu ya barabara kwenye foleni. Ukiunganisha ndege kwa tiketi mbili tofauti, soma jina la uwanja herufi kwa herufi.

Nafuu mojawapo ni kwamba saa yao ni sawasawa na ya Afrika Mashariki, mwaka mzima, tangu 2016 walipoacha kurudisha saa nyuma majira ya baridi. Ukipiga simu nyumbani hakuna hesabu. Soketi zao lakini ni za matundu mawili ya duara, kwa hiyo chaja yako ya pini tatu inahitaji adapta. Inunue Kariakoo, uwanja wa ndege watakuuzia bei ya kilo ya nyama. Na usidanganywe na ramani ukadhani Mediterania ni joto la Tanga. Istanbul ya Januari na Februari inaweza kuwa na theluji, na upepo wao wa kusini wanaouita lodos ukivuma, vivuko vinasimama siku nzima.

Sasa umetua. Watu wa laini za simu watakuita kwa tabasamu. Turkcell, Vodafone na Türk Telekom zote zina vibanda pale, na vifurushi vya watalii vya uwanjani ni ghali kuliko vya mjini. Tumia intaneti ya uwanja kumjulisha mama kwamba umefika, laini utanunua mjini kwa pasipoti yako. Anayekwenda kukaa muda mrefu ajue: simu iliyotoka nje ikiwekwa laini ya Kituruki hufungiwa mtandao baada ya siku 120 isiposajiliwa, na kodi ya kuisajili ni kubwa kiasi kwamba wengi huona afadhali kununua simu nyingine.

Kutoka uwanja mkubwa kwenda mjini huhitaji teksi. Treni ya M11 inakufikisha Gayrettepe, pale unapanda M2 hadi Vezneciler, na ukitoka nje uko hatua chache na Laleli. Kama una mabegi mazito au umefika usiku wa manane, kuna mabasi ya Havaist, begi linakaa buti ya chini na wewe unakaa kwenye kiti kama mstaarabu. Nunua kadi ya Istanbulkart kwenye mashine. Inalipa treni, tramu, basi na kivuko. Hiyo kadi moja itakuokolea fedha kuliko ushauri wangu wote.

Teksi sizikatazi, nazitilia masharti. Za njano ndizo za kawaida, za rangi ya feruzi bei iko juu kidogo, nyeusi ni za wenye nazo. Zote zina mita. Dereva akikwambia mita imeharibika, au akikupa "bei maalumu kwa ajili yako, dada", shuka kabla gari halijaondoka. Yuko pia dereva wa kuzunguka: unatoka Sultanahmet kwenda Taksim, unaonyeshwa madaraja yote. Fungua ramani kwenye simu, ishike wazi aione. Kisha kuna mchezo wa noti. Unampa noti ya lira 200, anainama kutafuta chenji, anainuka ameshika ya 20: "Umenipa hii." Dawa yake ni kulipa kwa kadi inapowezekana, au kumpa noti ukitaja thamani yake kwa sauti. Mia mbili kwao ni *iki yüz*. Ukiitamka kwa Kituruki kibovu lakini kwa sauti kubwa, atakurudishia chenji yako vizuri. Programu ya BiTaksi inaita teksi na kuacha kumbukumbu ya safari, na dereva anayejua jina lake limeandikwa mahali huwa na heshima zaidi.

Tuje kwenye mitaa ya wageni, Sultanahmet, Eminönü, İstiklal. Huko ile methali yetu ya mgeni njoo mwenyeji apone ndiyo utaielewa sawasawa.

Utaona mng'arisha viatu anapita mbele yako, brashi inadondoka, yeye haoni. Wewe mtoto wa watu unaiokota na kumkimbilia. Anashukuru mpaka machozi, anasisitiza akung'arishie kiatu kwa shukrani, anakusimulia habari za mtoto mgonjwa, na mwisho anakutajia bei. Brashi hiyo hudondoka mara nyingi kwa siku. Ikidondoka, iache.

Utakutana na kijana nadhifu, Kiingereza chake kizuri, anakuuliza umetoka wapi. Ukisema Tanzania atasema "Zanzibar! Hakuna matata!" na atakueleza kwamba binamu yake yuko kwenye ujenzi wa reli ya SGR. Huenda ni kweli, kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki ndiyo iliyojenga kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro. Lakini angalia miguu yake inakupeleka wapi. Ikiwa ni duka la mazulia la "mjomba", utakaa saa mbili ukinyweshwa chai ya tufaha na kukunjuliwa zulia moja baada ya jingine, na kila zulia likikunjuliwa unajiona una deni. Huna deni. Simama, shukuru, ondoka.

Kaka zenu waambieni hili lingine, maana wao ndio wanaotegwa zaidi. Mwanamume anatembea peke yake jioni pale Taksim, anaombwa kiberiti na mtu aliyejitambulisha kuwa mgeni kama yeye. "Nami sina mwenyeji hapa, twende tukanywe kitu." Wanaingia baa ya rafiki, wasichana wanakuja kukaa mezani bila kuitwa, na bili ikija ina tarakimu za kiwanja Kigamboni. Mlangoni kuna mabaunsa, na kuna mmoja wa kumsindikiza hadi kwenye ATM. Na pombe yenyewe inaua: mwishoni mwa 2024 na mwanzoni mwa 2025 watu wengi walikufa Istanbul na Ankara kwa pombe bandia yenye methanoli. Anayekunywa anywe mahali penye jina, chupa ifunguliwe mbele yake, na ile ya bei ya kutupwa aiache.

Mgahawani, kama menyu haina bei, huo si mgahawa wako. Sheria ya kule inataka bei ziwekwe wazi, hata mlangoni. Samaki ulizia bei yake mzima, kabla hajagusa moto. Visahani vya kuanzia vinavyoletwa bila kuagizwa, uliza kama vimo kwenye bili. Kama vimo na huvitaki, virudishwe. Unaona haya? Anayeleta haoni. Maji ya bomba wenyeji wengi hawanywi, nunua chupa dukani. Kome waliojazwa wali, wanaouzwa barabarani na kuitwa *midye*, ni watamu kweli, ila mchana wa Julai katika sinia juani, mimi sipiti hata karibu.

Lakini msinielewe vibaya, mkaenda mmenuna kila mnapokaribishwa. Ukarimu wa Waturuki ni wa kweli. Bibi atakayekupisha kiti kwenye tramu kwa sababu umebeba mtoto hana zulia la kuuza. Mimi naangalia kitu kimoja tu: hapo unapopelekwa pana mtu anayeuza? Na nani alianza mazungumzo? Ukimsimamisha wewe mpita njia kumuuliza njia, karibu kila mara atakusaidia mpaka akuache kwenye mlango wa unakokwenda. Akikusimamisha yeye, tembea.

Kukataa nako kuna mtindo wake. Mturuki akikataa huinua kidevu na nyusi juu kidogo, na mdomoni hutoa mlio mfupi unaokaribia sonyo. Kwetu ungezabwa kibao. Kwao ni hapana tu, haina tusi. Jifunze kufanya hivyo, huku ukitembea, bila kusimama na bila kutabasamu. Tabasamu letu la kuomba radhi wao wanalisoma kama "nibembeleze kidogo". Dada mweusi utatazamwa, utaombwa picha, kuna watakaotaka kushika nywele zako. Kidevu juu. Atakayekufuata, ingia duka lolote lenye watu na useme kwa sauti kwamba unafuatwa. Kule mwanaume akinyooshewa kidole na mwanamke mbele za watu, wenye duka hutoka nje.

Kina dada wa biashara, njooni karibu. Laleli, Merter na Osmanbey ndiyo masoko ya jumla ya nguo mnayoyatafuta. Kapalıçarşı, lile soko kongwe lenye paa ambalo lilianza baada ya Mehmet wa Pili kuuteka mji mwaka 1453, ni la kutazama na kununulia zawadi. Mzigo wa duka haununuliwi pale. Jumapili soko hilo hufungwa, na maduka mengi ya jumla nayo hufunga, kwa hiyo ukipanga siku zako Jumapili iwe ya kutembea. Duka lililoandika *toptan* ni la jumla, na wengi wao huuza kwa *seri*, yaani gauni moja katika saizi zote kwa pamoja. Usilazimishe kipande kimoja, utaonekana mpotezaji wa muda. Uliza seri ina vipande vingapi na saizi zipi, maana saizi zao za mwisho ni ndogo kwa mama wa Kariakoo au Eastleigh, na ndizo zitakazokulalia dukani. Chai ya Laleli inywe, imo kwenye biashara, na ukiimaliza unaweza kuondoka bila kununua hata kitufe.

Bei uliyoambiwa na mwenzako isahau. Januari 2021 dola moja ilikuwa lira saba na ushee. Kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa imepita 35. Wauza jumla wengi wa Laleli hukutajia kwa dola kwa sababu hiyohiyo. Fedha badilisha kwenye ofisi zilizoandikwa *döviz*, linganisha mbili tatu, na usibadilishe zaidi ya unachohitaji kwa siku hizo. Anayekuita pembeni barabarani kwa bei nzuri zaidi, anakuita pembeni kwa sababu. Ukiondoka nyumbani na dola 10,000 au zaidi mkononi, Tanzania na Kenya zote zinakutaka utangaze forodhani. Usifiche kwenye mto wa mtoto, fedha isiyotangazwa ikikamatwa ina safari ndefu kurudi. Na mtaa mzima usijue kwamba unalipa taslimu. Ukitoka kulipa duka moja, noti za duka linalofuata ziwe zimeshatengwa kwenye bahasha yake, hakuna kuhesabu fedha kwenye kaunta huku mlango uko wazi.

Kwenye kargo ndipo machozi yanapotoka. Watu wa kargo hutoza kwa kilo, na wapo waaminifu wanaotegemewa na wafanyabiashara wetu kwa miaka. Watafute hao kwa kuuliza wenye maduka nyumbani, kabla ya safari, wala usichukue kadi ya kijana aliyekukuta ngazi za hoteli. Simama kwenye mzani. Piga picha ya kila furushi likiwa wazi, likiwa limefungwa, na likiwa kwenye mzani na namba inaonekana. Risiti iandike idadi, uzito, tarehe ya kufika na kama bei imejumuisha ushuru au haijajumuisha. Neno "mpaka mlangoni" la mdomoni halikusaidii bandarini. Na yale mabegi yenye majina makubwa ya Paris kwa bei ya sandali, yaache. Nyumbani Tume ya Ushindani inakamata bidhaa bandia, Kenya nao wana mamlaka yao ya kazi hiyohiyo, na mzigo ukikamatwa hakuna wa kumlilia.

Haya, wa kupunguza tumbo. Sitawahubiria, mwili ni wako. Nitasema tu kwamba kwenye hili mnanunua kwa haraka kuliko mnavyonunua kitenge. Hospitali au kliniki inayohudumia wagonjwa kutoka nje inatakiwa kuwa na cheti cha idhini ya utalii wa tiba kutoka Wizara ya Afya ya Uturuki. Omba uione hiyo idhini, omba jina la daktari mpasuaji, na uongee naye yeye, si dada wa WhatsApp mwenye picha za kabla na baada. Uliza nani atakutia usingizi, na mambo yakiharibika usiku wa pili, hapo penyewe pana chumba cha wagonjwa mahututi? Anayekasirika kwa maswali hayo amekujibu. Usiende peke yako. Na ndege ya kurudi usiibane: kukaa kitini takriban saa saba baada ya upasuaji mkubwa kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni. Siku ya kupanda ndege iamuliwe na daktari aliyekupasua, kwa maandishi, na tiketi iwe inayobadilika. Ripoti ya upasuaji rudi nayo kwa Kiingereza, la sivyo daktari wa Muhimbili au Aga Khan atakuwa anabahatisha.

Nao wale walioahidiwa kazi. Mdogo wangu, viza ya utalii haifanyi kazi kiwandani, haifanyi kazi saluni, haifanyi kazi za ndani. Kibali cha kazi huombwa na mwajiri, kwa jina lake na lako. Anayekwambia "nenda kama mtalii, kibali kitakukuta hukohuko" anakupeleka mahali ambapo huwezi kudai mshahara, kwa sababu ukienda polisi mwenye kosa ni wewe. Tanzania kuna Wakala wa Huduma za Ajira (TaESA), Kenya kuna Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Wakala anayekutafutia kazi ulizia jina lake huko kabla hujampa hata nauli ya bajaji. Pasipoti yako haishikwi na mwajiri, na mkataba ni ule unaousoma kabla ya kupanda ndege, siyo unaokungoja mtaani Aksaray, Istanbul. Hao wanaowanong'oneza kwamba kutoka pwani ya Izmir hadi visiwa vya Ugiriki ni "hapo tu", kwa boti ya mpira, nawaomba msiwape hata salamu. Bahari ile imeshazika wengi.

Hata kama ni mtalii safi, tembea na pasipoti. Askari wana haki ya kuomba kitambulisho, na mitaa kama Aksaray na Kumkapı wanaomba mara kwa mara, hasa kwa mtu mwenye rangi yetu. Inakera, najua. Mimi huona bora pasipoti yenyewe iwe kwenye kijimfuko ndani ya nguo na nakala ibaki hotelini, kuliko kinyume chake, kwa sababu nakala mara nyingi haimridhishi askari na kuelezana kwa lugha mbili kituoni ni kupoteza siku. Hotelini wataiomba pasipoti kukuandikisha, ni kawaida, wakimaliza uichukue. Siku za viza zikiisha ondoka. Kuzidisha kunakuletea faini na huenda ukafungiwa kurudi.

Mdomo nao uuchunge. Kumtukana Rais ni kosa la jinai, kifungu cha 299, na kumbukumbu ya Atatürk ina sheria yake tangu 1951. Utani wa siasa uache Ubungo. Ukiona maandamano, pita njia nyingine, usisimame kurekodi. Usibebe kifurushi cha mtu, hata cha binamu wa rafiki. Na ukiwa Side au Efeso mtu akakuuzia sarafu "ya Warumi": ikiwa bandia umeibiwa, ikiwa halisi umevunja sheria, maana vitu vya kale haviruhusiwi kutoka nchini, hata jiwe.

Misikiti mingi inakaribisha wageni nje ya saa za swala. Beba mtandio wako na sketi ndefu, usingoje cha kuazimwa mlangoni. Hagia Sophia, iliyorudi kuwa msikiti Julai 2020, kuanzia Januari 2024 mtalii alilipishwa euro 25 kuona ghorofa ya juu. Anayekwenda kuswali ana mlango wake na halipi.

Nimebakiza jambo ambalo sisi wa pwani hatulifikirii, tetemeko. Februari 6, 2023, tetemeko la ukubwa wa 7.8 liliua zaidi ya watu 53,000 kusini mwa Uturuki. Aprili 23, 2025, Istanbul yenyewe ilitikiswa kwa 6.2, na waliojeruhiwa, zaidi ya 150, wengi waliumia kwa kuruka kutoka juu kwa hofu. Ardhi ikitikisika usikimbilie ngazi, lifti wala dirisha. Inama, ingia chini ya meza imara, funika kichwa na shingo, ushikilie mpaka ipite, ndipo utoke kwenda mahali pa wazi. Viatu na simu vilale karibu na kitanda. Na ukiingia chumbani siku ya kwanza, kabla ya kujipiga picha, tafuta ngazi za dharura uzitembee. Januari 2025 hoteli moja ya milimani Bolu iliungua usiku na watu 78 wakafa.

Wa Antalya, Agosti joto linapita nyuzi 35 kwa urahisi, na moto wa misitu hutokea. Mkiambiwa ondokeni, ondokeni. Baharini bendera nyekundu maana yake ni nyekundu. Kujua kuogelea Coco Beach si hoja.

Mwisho, namba. Dharura zote, polisi, gari la wagonjwa na zimamoto, ni 112. Namba 157 ni ya kuwasaidia wageni, ina watu wa Kiingereza na Kiarabu, na ndiyo pia ya aliyeshikiliwa kwa nguvu au kunyang'anywa pasipoti. Balozi za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ziko Ankara, wala si Istanbul, na kati ya miji hiyo ni zaidi ya saa nne kwa treni ya kasi. Kwa hiyo namba ya simu ya ubalozi wako itafute leo. Yote hayo yaandike kwenye karatasi pamoja na anwani ya hoteli kwa Kituruki, uitie kwenye sidiria au soksi, maana kwenye tramu ya T1 kitu cha kwanza kuondoka ni simu.